"Shetani kanipitia": hapo dhambi ni ya nani? Msaada kwa somo la wazee wa kanisa

Mwinjilisti_Mafinga

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Naandaa vipindi viwili vya saa moja na nusu kila kimoja kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vijana. Mada ni wajibu wa mtu mwenyewe katika dhambi na majaribu. Ugumu wa mada hii si kwamba watu hawaijui Biblia. Wanaijua, lakini kila mmoja ana mstari wake wa kujifichia. Mtu akikamatwa na fedha za kikundi anasema "Shetani kanipitia". Akianguka katika uzinzi, "ni laana ya ukoo wetu, hata babu alikuwa hivi". Na msomaji hodari wa Paulo atakutolea Warumi 7:20: si mimi, ni dhambi ikaayo ndani yangu.

Nahitaji mambo matatu. Kwanza, mpangilio wa maandiko ambao mzee wa kanisa anaweza kuubeba kichwani bila karatasi. Pili, mpaka: ni wakati gani mtu kweli habebi lawama, au anabeba pungufu? Tatu, hatua za kumsaidia mtu aliyekiri, maana tukishamfikisha kwenye "nimekosa" wengi wetu hatujui kinachofuata. Wakatoliki na ndugu wa kilokole mchangie pia, wazee wangu wanaishi na ninyi mtaa mmoja.

Mchungaji_Rungwe

Amina, Mwinjilisti. Anzia Mwanzo 3, lakini usikimbilie tunda. Nenda mstari wa 12 na 13, uwasomee polepole. Adamu: "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Hawa: "Nyoka alinidanganya, nikala." Adamu katumia karibu sentensi nzima kumtaja mkewe na kumrushia Mungu mwenyewe lawama ("uliyenipa"). Hawa kamtaja nyoka. Lakini wote wawili wameishia neno moja: nikala. Kiambishi cha mtenda ni *ni*. Maelezo yote yaliyotangulia hayakuweza kukibadilisha.

Sasa weka pembeni yake "Shetani kanipitia". Hapo *ka* ni Shetani, yeye ndiye mtenda, na *ni* ni mimi niliyetendewa. Mwizi amegeuka kuwa aliyeibiwa ndani ya neno moja. Waambie wazee wasikilize viambishi wanapomhoji mtu. Kama dakika ishirini zimepita na hajatamka kitenzi chenye *nili-*, bado hajakiri.

Jambo la pili la Mwanzo 3 hupitwa mara nyingi. Mungu anamwuliza Adamu, anamwuliza Hawa, ila nyoka haulizwi kitu. Mstari wa 14 unaanza moja kwa moja na laana yake. Kuulizwa ni heshima ya kiumbe anayeweza kujibu. Mkristo anayesema "mimi sihusiki" anajitoa mwenyewe kwenye heshima hiyo. Na hukumu haikugawanywa mafungu. Nyoka alipata yake nzima, Hawa yake nzima, Adamu yake nzima, na Adamu aliambiwa sababu: "kwa kuwa umeisikiliza sauti ya mke wako". Kusikiliza kulikuwa kwake. Kwa hiyo mtu akikwambia "basi tugawane, nusu yangu nusu ya Shetani", mjibu kwamba wajibu si gunia la viazi la kupimiana kwa debe.

Kisha Yakobo 1:13-15. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, hata nusu saa. Yakobo anafunga mlango wa kumlaumu Mungu, halafu, ajabu, katika mistari hiyo hamtaji Shetani hata kidogo. Anasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, "huku akivutwa na kudanganywa". Neno la Kigiriki lililoko nyuma ya "kudanganywa" ni la uvuvi, maana yake kunaswa kwa chambo. Wenzetu wa Matema na Kyela hawahitaji ufafanuzi. Usipa huvutwa na taa usiku, samaki mwingine hutaka nyungunyungu kwenye ndoano. Mvuvi huchagua chambo kwa kumjua samaki, na chambo kisicholingana na njaa ya samaki hakinasi. Mshawishi yupo, ndiyo, lakini anachovutia ni kitu ambacho tayari ni chako. Kisha Yakobo anabadilisha mfano, anazungumzia mimba: tamaa huchukua mimba, huzaa dhambi, dhambi ikikomaa huzaa mauti. Mna hatua tatu hapo, na zina muda kati yake. Muda huo ndio somo.

Kama kuna mtu bado anasema "lakini Shetani yupo kwenye Biblia", mpe Matendo 5. Mstari wa 3 Petro anamwuliza Anania kwa nini Shetani amemjaza moyo. Mstari wa 4, pumzi hiyohiyo: shamba lilikuwa lako, fedha zilikuwa katika uwezo wako, kwa nini umeweka neno hili moyoni mwako? Shetani katajwa, na Anania hakupunguziwa. Ongeza na Daudi kuhesabu watu: 1 Nyakati 21:1 inasema Shetani alimshawishi, 2 Samweli 24:1 inataja hasira ya Bwana. Daudi mwenyewe hakushika mstari wowote kati ya hiyo miwili. Katika 2 Samweli 24:10 anasema amekosa sana kwa alilolifanya.

Laana ya ukoo nitaisema kwa kifupi. Kutoka 20:5 ina neno la mwisho ambalo wahubiri wa laana hulimeza: "wanichukiao". Na Ezekieli 18 yote iliandikiwa watu waliokuwa wakisema meno yao yametiwa ganzi na zabibu walizokula baba zao. Jibu la mstari wa 20 ni kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Mtoto wa mlevi anaweza kurithi umaskini, fujo, hata mwili unaozoea pombe upesi. Hayo ni madhara, na tuyahurumie. Hatia hairithiwi kwa njia hiyo.

Katekista_Kihesa

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Mchungaji, umefungua vizuri. Naongeza upande wetu.

Kwanza tazameni lugha, kwa sababu inawachanganya vijana. Ninyi mnasali "usitutie majaribuni", sisi tunasali "usitutie katika kishawishi". Neno la Kigiriki ni moja, na lina maana mbili: kupimwa na kuvutwa kwenye uovu. Kiswahili kinaweza kuzitenga. Jaribu ni kama ugonjwa, njaa, msiba, kukosa mvua. Linaonyesha imani ilivyo, na Mungu anaweza kuliruhusu, hata kulitumia. Kishawishi kinakutaka utende uovu, na huyo Mungu hayumo. Mkifundisha bila kutenga maneno haya mawili, mtu atakwambia "Mungu alinijaribu kwa yule dada", na atadhani amesema andiko.

Pili, hatua. Agustino na baadaye Papa Gregori Mkuu walizitaja tatu: pendekezo, kufurahia, kuridhia. Gregori aliziona palepale Mwanzo 3: nyoka alipendekeza, Hawa akafurahia, Adamu akaridhia. Pendekezo peke yake si dhambi. Kristo mwenyewe alipendekezewa mara tatu jangwani. Dhambi inakamilika pale utashi unaposema ndiyo. Kufurahia ni katikati, na hapo ndipo watu wanajidanganya, wanadhani kwa kuwa hawajatenda basi hawajafanya kitu.

Mmonaki Evagrius, aliyefariki jangwani Misri mwaka 399, alisema hivi kwa maana yake: mawazo yatusumbue au yasitusumbue, hilo haliko mikononi mwetu; yakae au yasikae, hilo liko mikononi mwetu. Hapa Iringa nawaelezea waamini kwa ulanzi, kinywaji kinachogemwa kwenye mianzi. Uliogemwa asubuhi ni mtamu, mtoto anakunywa. Hakuna anayeutia hamira. Lakini ukiuacha kwenye mbeta, chombo chake cha mwanzi, mpaka jioni umeshakuwa pombe, kesho ni mkali zaidi. Wazo la kwanza hukulileta wewe. Kuliacha likae saa nane ndani ya mbeta yako ni wewe.

Sasa swali lako la mpaka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1857, inataka mambo matatu yakutane ili dhambi iwe ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kabisa, na aridhie kwa makusudi. Likikosekana moja, hesabu inabadilika. Namba 1735 inataja vinavyoweza kupunguza au hata kufuta wajibu: kutojua, kutoangalia, kulazimishwa, woga, mazoea, na mengine ya nafsi na ya jamii. Mazoea yana tahadhari yake, hata hivyo. Mtu anaweza kuwa na utashi dhaifu leo kwa sababu ya ndiyo nyingi alizosema miaka kumi iliyopita, naye anawajibika kwa njia aliyopitia kufika hapo, na kwa kukataa msaada anapoupewa.

Mchungaji_Rungwe

Katekista, marahaba, na asante kwa ulanzi. Kuna sehemu moja hatukubaliani kabisa, na ni vizuri Mwinjilisti aijue kabla hajaulizwa.

Ninyi mnasema tamaa inayobaki baada ya ubatizo si dhambi kwa maana halisi. Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu wenu), kikao cha 5, mwaka 1546, unasema imeachwa kwa ajili ya mapambano na haiwadhuru wasioiridhia. Walutheri, tangu Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 2, wanasema upotofu huo wa ndani ni dhambi kweli, ingawa kwa aliye ndani ya Kristo hauhesabiwi kumhukumu. Tamko la pamoja la Wakatoliki na Walutheri la 31 Oktoba 1999 lilisogeza pande zote karibu bila kufuta tofauti ya maneno.

Kwa kazi ya mzee wa kanisa tofauti inaonekana hivi: sisi tunamfundisha mtu atubu hata kwa kuwa na moyo unaotamani kibaya, na tunamfariji kwamba moyo huo umefunikwa. Ninyi mnamfariji kwamba kuvutwa hakujamtia hatiani, na mnamhimiza apigane. Kosa la upande wetu ni kumfanya mwenye dhamiri nyepesi kushtuka aishi kwa hofu ya kila wazo. Kosa la upande wenu ni mtu kujipimia mwenyewe kwamba "sikuridhia kabisa". Kila upande ulinde tundu lake.

Tukutane kwenye kifungu cha 19 cha Ungamo hilohilo: Mungu ameumba na anatunza viumbe, lakini sababu ya dhambi ni utashi wa waovu, yaani wa Ibilisi na wa wasiomcha Mungu. Utashi wa kila mmoja wao, si wa mmoja kwa niaba ya mwingine.

Mtumishi_Tunduma

Watumishi, nawaheshimu, lakini naomba msitufanye sisi wa maombezi kuwa watoto. Efeso 6:12 ipo. Mwanamke wa Luka 13 alifungwa na Shetani miaka 18, Yesu mwenyewe ndiye aliyesema. Mpaka huu wa Tunduma una watu waliopita kwa waganga na kufanya maagano ya damu kwa ajili ya biashara. Ukimwambia mtu kama huyo "ni tamaa yako tu", hujamsaidia.

Hata hivyo nakubali kwamba wengi wetu tumeharibu utaratibu, na nitasema wapi. Yakobo 4:7 ina vitenzi viwili kwa mpangilio: mtiini Mungu, kisha mpingeni Shetani. Tunaruka cha kwanza. Mtu analetwa kwa ulevi, tunakemea "roho ya ulevi" saa mbili, anaanguka, anainuka, anarudi kilabuni Jumatano. Wagalatia 5:19-21 inataja uasherati, hasira na ulevi kuwa matendo ya mwili, na dawa yake iko mstari wa 24: kuusulibisha mwili. Mwili haufukuzwi kwa kukemea. Pepo naye hasulibishwi. Ukitumia dawa ya huku kule, unamchosha mgonjwa.

Na angalieni: yule mwanamke wa miaka 18 Yesu hakumwambia atubu. Alikuwa mgonjwa, akafunguliwa. Kwa hiyo palipo na kufungwa kweli, halaumiwi aliyefungwa. Palipo na dhambi, inatubiwa. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Tuanze na toba, iwe ya kutaja tendo kwa jina. Aliyekwenda kwa mganga aseme nilikwenda, nililipa, niliamini, na kile alichopewa akilete kiteketezwe kama Matendo 19:19. Ndipo tuombe. Baada ya maombi, asiachwe mtupu. Mathayo 12:44-45, nyumba iliyofagiwa na kupambwa ikabaki tupu ilipata wageni saba wabaya zaidi. Kwa angalau wiki sita awe na mtu mmoja wa kumtembelea na kusoma naye Neno.

Mwinjilisti_Mafinga

Mmenijaza. Mtumishi, hilo la dawa ya huku kule nalichukua. Bado mpaka unanisumbua katika watu wawili: binti aliyelazimishwa, ambaye wazee wengine humtaka atubu mbele ya kanisa pamoja na aliyemlazimisha, na mlevi ambaye kweli hawezi kuacha. Pia lile la fedha.

Mama_Uyole

Mwinjilisti, la binti halina mjadala, naomba uwaambie wazee hivyo. Kumbukumbu la Torati 22:25-27 inasema msichana aliyeshikwa kwa nguvu shambani hana dhambi. Torati inalinganisha na mtu aliyeinukiwa na mwenzake akauawa. Maiti hatubu kwa kuuawa. Kumsimamisha mbele ya kanisa ni kumtwika dhambi ya mtu mwingine, na kanisa lenyewe linakuwa limekosa. Kutopiga kelele nako kusifanywe ushahidi dhidi yake. Hofu hufunga koo, na torati yenyewe inadhania kwamba alilia na hapakuwa na wa kumwokoa. Wa kwanza kuelezwa awe mama mzee wa kanisa, si kikao. Hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya saa hizo hazitolewi. Kisha dawati la jinsia na watoto la polisi. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Na kama ni mtoto, wazee hawana mamlaka ya kuyamaliza kifamilia.

La mlevi. Anayekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, msimwambie aache leo hii mbele ya madhabahu. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla hutetemeka, hutoka jasho, na kati ya saa 6 na 48 anaweza kupata degedege. Siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa na kuona wadudu au watu wasiokuwepo. Hapo ndipo watu huanza kukemea pepo na mgonjwa anafia mikononi mwao. Huyo apelekwe hospitali, aachishwe chini ya uangalizi. Wajibu wake uko wapi? Hawezi leo kuchagua kutotetemeka, lakini anaweza kuchagua kupanda gari kwenda hospitali, kumwambia mke wapi ameficha chupa, kuacha kupita njia ya kilabu. Mdaini hicho anachokiweza. Kesho kitaongezeka.

Efeso 4:27 inasema msimpe Ibilisi nafasi. Nafasi ni mahali. Kwa vijana wenu liwe jambo la mahali na saa: simu ilale sebuleni, saa nne usiku, mazungumzo na mchumba yawe mahali watu wanapita. Ule "mlango wa kutokea" wa 1 Wakorintho 10:13 mara nyingi uko mwanzoni mwa njia. Anayeutafuta akiwa ameshaingia chumba cha ndani ataupata, ila atautumia kwa shida kubwa.

Mhasibu_wa_Vikundi_Njombe

La fedha nimalize mimi.

Tuseme mweka hazina amechukua 600,000 na kurekebisha daftari. Ungamo lake liwe na vitu vinne: kiasi, tarehe, namna alivyoficha, na waliodhurika. "Nilichukua shilingi laki sita kati ya mwezi fulani na fulani, nikaandika marejesho ambayo hayakuwepo, nikawaumiza wanachama." Bila namna alivyoficha, kikundi hakiwezi kuziba tundu. Aungame kwa walioibiwa, si kanisa zima. Kueneza zaidi ya hapo kunaumiza watoto wake bila kumponya mtu.

Kisha Hesabu 5:7: arudishe yote na kuongeza sehemu ya tano. Laki sita na 120,000, jumla 720,000. Kwa miezi 12 ni 60,000 kila mwezi, iandikwe na wadhamini wawili wasaini. Kama hana, aanze hata na gunia la mahindi lililothaminiwa kwa bei ya soko la wiki hiyo. Zakayo aliahidi mara nne, lakini hiyo ilikuwa hiari yake, msimpangie mtu.

Kusamehewa si kurudishiwa ufunguo. Wazee wengi huchanganya, wanamrudisha baada ya mwezi ili "kuonyesha upendo", wanamtegea chambo kilekile. Na kikundi kijiulize sehemu yake: sanduku lina kufuli tatu ili watu watatu wakutane ndipo lifunguke. Kama funguo zote zilikuwa kwa mtu mmoja kwa sababu wengine walichoka kuja, hao wengine wana dhambi yao ya kuungama, ndogo lakini yao. Mathayo 18:7 inamhusu anayeleta jambo la kukosesha. Haipunguzi laki sita hata senti.

Mwinjilisti_Mafinga

Mungu awabariki. Imebaki Warumi 7:20 tu. Mzee wangu mmoja ataitoa dakika ya tano.

Mchungaji_Rungwe

Mwache aitoe, kisha mwombe asome mpaka mwisho wa sura. Paulo hapo hasemi na mahakama, anaeleza vita ndani ya mtu anayeipenda sheria ya Mungu na kukuta mkono wake unatenda anachokichukia. Mstari wa 15 ndio kipimo: ninalolichukia ndilo ninalolitenda. Anayeutumia mstari wa 20 awe kwanza anachukia alichofanya. Anayeupenda bado, huo si mstari wake. Na hesabu vitenzi vya 15 hadi 19, vingi mtenda wake ni Paulo mwenyewe. Baada ya kusema "si mimi" halii kwa ajili ya dhambi wala halaani Shetani. Mstari wa 24 anasema "Ole wangu, maskini mimi!" na anauliza ni nani atakayemwokoa. Anayeomba kuokolewa amekubali kwamba ni yeye aliyemo matatani.

Kipindi cha pili kianzie hapo 7:24, mwende moja kwa moja mpaka 8:4 bila kusimama kwenye mgawanyo wa sura. Watu wasirudi nyumbani na mstari wa 20 peke yake, wala na Yakobo 1 peke yake. Mkianza saa tisa mchana mtakuwa na muda wa kutosha kabla ya ukungu wa Mafinga kushuka. Dakika 30 za mwisho ziwe kimya, kila mzee na karatasi yake, aandike sentensi moja inayoanza na *nili-*, kisha karatasi zichomwe bila kusomwa na mtu.